Majirani wa Msitu wa Sokoke na Hori ya Mida: Tusiwapoteze Hata kwa Majina

Msomaji mpenzi, huenda umepata kusoma au kusimuliwa ya kwamba mwaka 1415 wajumbe wa mji wa Malindi walifika China na zawadi ya ajabu, nayo ni twiga. Wachina hawakuwa wamemzoea mnyama wa namna ile. Walimfananisha na mnyama wa baraka atajwaye katika hadithi zao za kale, na mfalme wao wa wakati ule, Yongle, akampokea kwa heshima kubwa. Basi tokea zamani hizo wazee wetu wa pwani walijua ya kuwa utajiri wa nchi si pembe na dhahabu peke yake. Mnyama aliye hai, akavushwa bahari kwa majani na maji hadi akafika salama, aliweza kuwa balozi wa mji mzima.

Leo hatupeleki twiga kwa mfalme yeyote. Lakini tunao majirani wengine, wadogo wa kimo na wakubwa wa ajabu, ambao wataalamu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama. Sisi tulio nao mlango kwa mlango wengi wetu hatuwajui hata majina. Hayo ndiyo nitakayo tuyazungumze leo, kwani kwa maoni yangu jambo hili si la wageni wa hotelini tu. Ni letu, na ni la lugha yetu pia.

Mimi ni mtu wa baiskeli. Gari humfikisha mtu aendako, lakini halimwonyeshi apitako. Baiskeli haina kelele, haina moshi, na mpandaji anaweza kusimama popote bila ya kupigiwa honi. Mara nyingi, baada ya sala ya alfajiri, hutoka Malindi nikashika njia ya Gede, mwendo wa kilomita 15 hivi, kabla jua halijawa kali. Saa hiyo dudumizi huwa analia vichakani, yule ndege wazee wasemaye kwamba akilia sana basi mvua i karibu. Ikiwa ni miezi ya kaskazi, juu ya nyaya utawaona keremkerem wekundu wamepangana kama shanga, wakingojea nyuki na panzi wapite. Na kunguru, bila shaka, hao hawakosekani.

Nimewataja kunguru kwa kusudi. Huyu kunguru mwembamba mwenye shingo ya kijivujivu si mwenyeji wa huku. Asili yake ni Bara Hindi, na aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, kutoka huko akaenea pwani nzima, akila mayai na makinda ya ndege wengine. Kila mtoto wa Malindi anamjua kwa jina. Mgeni tunamjua, tena mgeni mharibifu, mwenyeji ukimwuliza mtoto, atakujibu, "Ni ndege tu." Mambo yamegeuka kichwa chini, miguu juu.

SANGE NA NASABA YAKE

Tufike Gede. Mji huu wa mawe, wenye msikiti wake wa ijumaa, majumba, visima na makaburi, ulihamwa zamani ukamezwa na msitu. Kaburi lake moja lina maandishi ya mwaka 802 wa Hijria, sawa na 1399 wa Miladi. Mtaalamu James Kirkman aliufukua kuanzia mwaka 1948, na mwaka 2024 ukaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Watu wengi huenda kutazama kuta, na ni haki kuta zitazamwe. Lakini ukikaa kimya juu ya jiwe kwa muda wa robo saa, kuta zenyewe zitaanza kuwa na wenyeji. Kima watashuka mitini. Hondohondo watapita juu wakipiga mbawa kwa kishindo. Na huko chini, kwenye majani makavu, utasikia mchakato mwepesi kama wa kuku anayepekua.

Siku moja nilikuta wanafunzi wa shule wamefika na mwalimu wao. Mnyama mmoja mdogo akachomoka kati ya magofu, mbio, akirukaruka, na makalio yake yakimetameta rangi ya dhahabu. Watoto wakapiga ukelele, "Panya! Panya!" Mmoja akainama kuokota jiwe. Mzee wa Kigiriama aliyekuwa akifagia njia akamshika mkono kwa upole.

"Mjukuu wangu, panya gani ana pua ndefu kama ile, na miguu kama ya paa? Yule ni sange."

"Anauma, babu?"

"Hata kidogo. Anatafuta wadudu, anakula, anakwenda zake."

Yule mtoto akaliacha jiwe. Nami nikaona jinsi neno moja lilivyoweza kumwokoa kiumbe. Alipokuwa panya, alistahili jiwe. Alipokuwa sange, aliulizwa habari zake.

Na habari zake ni za kushangaza. Sange huyu wa makalio ya dhahabu hupatikana katika mabaki ya misitu ya pwani ya Kenya tu, na ngome yake kubwa ni msitu wa Arabuko-Sokoke pamoja na kipande hiki cha Gede. Uzito wake ni kama nusu kilo. Katika miaka ya 1970 Mmarekani Galen Rathbun alimchunguza hapa Gede kwa muda mrefu, akagundua ya kwamba sange huishi dume na jike wawili wawili katika eneo lao, wakililinda dhidi ya sange wengine, ingawa kila mmoja hujitafutia chakula peke yake. Hulala katika viota vya majani juu ya ardhi, tena wana viota zaidi ya kimoja, ili adui asijue leo wamelala wapi. Akimwona adui, hupiga mkia majanini, pa! pa!, kama anayesema, "Nimekuona, usijisumbue." Na ile rangi ya dhahabu humvuta adui ashambulie nyuma, mahali ambapo ngozi yake ni nene zaidi.

Sisi watu wa pwani twapenda kuulizana nasaba. Basi na sange ana nasaba yake. Wataalamu wa siku hizi, kwa kuchunguza damu na chembe za uhai, wameona ya kuwa sange hana udugu wa karibu na panya hata kidogo. Ukoo wake ni mmoja na ndovu, na pimbi, na muhanga, na nguva wa baharini. Ati kile kinyama cha nusu kilo kinachopekua majani Gede kina udugu na ndovu aliyeko msituni ng'ambo ya barabara! Subhana Allah.

MTEGO NJIANI

Ng'ambo hiyo ya barabara ndipo ulipo msitu wa Arabuko-Sokoke wenyewe, ulio mkubwa kuliko misitu yote mikavu ya pwani iliyobakia Afrika ya Mashariki, kiasi cha kilomita 420 za mraba. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1943. Ndani yake mna miliki tatu, kama mitaa mitatu ya mji mmoja. Kuna msitu wa mchanganyiko, wenye miti kama mbambakofi. Kuna mirihi, inayoota kwenye mchanga mweupe na kuacha mwanga upenye hadi chini. Na kuna mifunda, kwenye udongo mwekundu, iliyosongamana hata mtu hupita ubavu. Kila mtaa una wenyeji wake. Paa nunga, yule paa mdogo mwekundu ambaye ndugu zetu wa Unguja wanamjua vizuri, yumo pia humu, naye ni katika paa waliobaki wachache mno duniani.

Baiskeli huiacha kwa askari wa msitu nikaingia kwa miguu pamoja na mwongozaji. Usiingie peke yako, msomaji, maana ndovu na nyati hawana mzaha. Mwongozaji wangu ni kijana wa Kigiriama, mtaratibu wa maneno, mwenye macho ambayo huona mara mbili ya yangu. Asubuhi moja alisimama ghafula, akachutama, akavuta kitu chini ya majani. Ulikuwa mtego wa waya.

"Huu ni wa nani?" nikamwuliza.

"Mzee, aliyetega namjua," akasema. "Si mtu mbaya. Mahindi yake yamekauka, na watoto wake ni watano."

"Na wewe utamfanya nini?"

"Nitakwenda nyumbani kwake jioni. Nikimripoti, atafungwa, na watoto watabaki na njaa ile ile. Nikinyamaza, msitu utakwisha. Kwa hivyo nitakwenda tuzungumze."

Nimelifikiri sana jibu lile. Ni rahisi kwa mtu wa mjini aliyeshiba kulaani mtego. Mtego hutegwa na njaa, na njaa haisomi mabango ya idara yoyote. Kumhubiria mtu uzuri wa sange hali sufuria yake ni tupu ni kumpotezea wakati. Wako waliolitambua hilo. Mwaka 1993 ulianzishwa mradi wa Kipepeo, wenye makao yake pale Gede, ambapo wanavijiji wa ukingo wa msitu hufuga vipepeo. Hupanda miti ambayo viwavi hula, huwalea, kisha huuza vile vifuko vya vipepeo kabla havijapasuka, navyo husafirishwa hadi kwenye nyumba za maonyesho huko Ulaya na Marekani. Mama mmoja mfugaji aliniambia, "Zamani msitu huu nilikuwa nauona ni shamba walilotunyima. Sasa ukikatwa, mimi nitapata wapi mbegu?" Huko Mida nako, tokea mwaka 2001, mpango ulioanzishwa na shirika la A Rocha Kenya umekuwa ukitumia fedha za watalii kuwasaidia karo watoto wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Mtoto akisomeshwa na ndege, baba yake hatakuwa na haraka ya kumla ndege.

BUNDI ASIYE NA HATIA

Ndani ya ile mifunda iliyosongamana anaishi bundi mdogo sana, hazidi urefu wa kiganja cha mtu mzima na vidole vyake. Wataalamu hawakumjua mpaka mwaka 1965. Mbali na huku kwetu, anajulikana pia chini ya milima ya Usambara, Tanzania, na hapana penginepo pengi. Mchana hulala katika matawi ya chini, mara nyingi dume na jike bega kwa bega, mmoja pengine wa kijivu na mwenziwe wa rangi ya kutu, na mtu anaweza kupita hatua mbili kutoka kwao asiwaone.

Lakini huku nje ya msitu, jina la bundi ni balaa. Akitua juu ya paa, watu husema pana mgonjwa atakayekufa. Hupigwa mawe, hutupiwa vijinga vya moto, hufukizwa na kulaaniwa. Nami nawauliza ndugu zangu Waislamu: itikadi hii tumeitoa wapi? Waarabu wa zama za ujahili walikuwa na imani yao juu ya ndege huyu, wakamwita hama, wakidai kwamba roho ya aliyeuawa hugeuka ikawa ndege alaye usiku kutaka kisasi. Mtume Muhammad (S.A.W.) aliikanusha itikadi hiyo waziwazi, pamoja na mikosi mingine ya ndege, na hadithi hiyo imo katika vitabu sahihi vya Bukhari na Muslim. Mambo ya uhai na mauti yako mkononi mwa Mola, hakumkabidhi bundi. Kazi aliyompa bundi ni kula panya na wadudu, na kazi hiyo anaifanya vizuri kutushinda sisi na sumu zetu.

Basi anayempiga bundi mawe kwa kuogopa mkosi amefanya makosa mawili. Ameonea kiumbe, na amefufua mambo yaliyozikwa miaka elfu na mia nne iliyopita.

WAGENI WA KASKAZI

Jua likipanda hurudia baiskeli yangu na kushuka Hori ya Mida, si mbali na lango la msitu. Hapa mikoko, michu, mikandaa na milalana imeizunguka bahari pande zote. Hori hii ni sehemu ya hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968. Mtu akitaka kuona ndege, asiende maji yakiwa yamekupwa kabisa, kwani watakuwa mbali matopeni. Aende maji yanapoanza kujaa. Maji huwasukuma ndege taratibu kuja ufuoni, nao watamjia yeye badala ya yeye kuwafuata.

Atawaona vitwitwi wa aina nyingi, wengine wakiwa wametoka Siberia, nchi ya barafu. Pengine ataona heroe. Lakini mimi humtafuta mmoja, ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi, asimamaye kwa utulivu kama kadhi barazani, akila kaa. Huyu huzaliana huko Ghuba ya Uajemi, Omani na Bahari ya Shamu. Hachimbi kwa mzaha: hutoboa shimo refu mchangani, jike akataga ndani yake yai moja jeupe, asilichome jua la Arabuni. Kisha huvuka bahari pamoja na mtoto wake, na hata wakisha kufika huku, mzazi huendelea kumlisha mwanawe ingawa ameshakuwa mkubwa kama yeye.

Mvuvi mmoja mtu mzima, aliyekuwa akitengeneza nyavu, aliniona nimewakodolea macho.

"Maalim, unawatazama wageni wetu?"

"Nawatazama. Wametoka mbali."

"Mimi ni mtoto nikiambiwa na baba kwamba ndege hawa na majahazi ya Omani njia yao ni moja. Majahazi yale hayaji tena. Hawa hawajaacha."

Maneno haya yalinigusa. Nahodha wa Sur na Maskati aliyekuwa akishuka na pepo za kaskazi, akileta tende na mazulia na kurudi na boriti za mikoko, amebaki katika masimulizi. Ndege ndiye aliyebaki akiiunga pwani hii na ile kila mwaka, bila ya pasipoti. Tukiikata mikoko ya Mida yote, atakuja atue wapi? Na huko Arabuni wakimngojea asirudi, watamwuliza nani?

JINA NI AMANA

Sasa nirudi kwenye majina. Yuko ndege wa jamii ya kwera, mweusi mgongoni na manjano tumboni, ambaye makazi yake ni Sokoke na mapori ya Dakatcha tu, upande wa bara kaskazini ya Malindi. Mwingereza Clarke alimwandika mwaka 1913, na hata leo katika vitabu huitwa kwera wa Clarke. Kiota chake hakikujulikana na wataalamu mpaka mwaka 2013, miaka mia kamili baadaye, kilipoonekana kwenye maziwa ya mvua huko huko Dakatcha. Simlaumu Clarke, aliandika. Tujiulize sisi tuliokuwa hapa: kwa nini jina letu halikuandikwa?

Tulipokuwa chuoni, tulihifadhi Surat Naml, sura iliyopewa jina la sisimizi. Humo tulisoma habari za Nabii Sulaiman na ndege hudihudi aliyemletea habari za malkia wa Sabaa. Wako wanaoisoma sura hiyo kwa tajwidi nzuri kabisa, na hudihudi mwenyewe, mwenye kishungi na mbawa za mistari, anatembea uwanjani mwao akidona nyasi, wasimjue. Kitabu wamekihifadhi, na aliyetajwa humo wamempita.

Kwa hivyo nashauri mambo machache yasiyohitaji fedha nyingi. Mzazi mwenye baiskeli ampakie mwanawe siku moja ya Jumamosi, wende taratibu, wanyamaze, watazame. Mwalimu wa shule na maalimu wa madrasa wawafundishe watoto majina ya ndege kumi wa mtaani kwao, kisha kumi wengine. Na kijana mwenye kalamu awaendee wazee, wa Kiswahili na wa Kigiriama, wa Kisanye na wa Kibajuni, aandike kila jina alisikialo na kila tabia aambiwayo, maana wazee hao wanaondoka, na kila anayeondoka anakwenda na kamusi yake.

Nami nawaachieni beti mbili hizi, mzisome kwa sauti mpendayo:

Viumbe wa pwani yetu, si wa kuitwa wageni,
Ni majirani wa kwetu, ufuoni na mwituni,
Wameishi nasi watu, tangu enzi za zamani,
Jina likitoweka tu, mwenyewe yuko njiani.

Sange si panya jamani, na ndovu yeye nduguye,
Na bundi wa mfundani, hana kosa tumwachiye,
Ndege watoka Omani, na Mida wajikaliye,
Jina likitoweka tu, mwenyewe yuko njiani.